Musururu Uliomwagika Cishungwe

Mtu ambaye angemwona Chantal akishuka kwenye mtumbwi pale Cishungwe angedhani ni mgonjwa aliyeletwa kuombewa. Viatu kavishika mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini, midomo imekauka kwa jua na kwa kutapika. Jana yake alishinda ndani ya boti kutoka Bukavu hadi Idjwi, amebanwa kati ya magunia ya simenti na wanawake waliokuwa wakicheka bila kuchoka. Leo tangu alfajiri alikuwa kwenye mtumbwi wa mashine, mikono miwili imeshika kingo, macho kayafumba. Hakuyafumba kwa kuogopa mawimbi. Hilo ndilo ziwa lililomla mwanawe, na hakutaka kulitazama usoni.

Mwana huyo aliitwa Guy. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akifuata kabeji na vitunguu huko Kalehe na kuja kuviuza Bukavu, hadi siku mtumbwi uliojazwa kupita kiasi ulipopinduka naye. Wenzake waliokotwa, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakuonekana. Nyumbani wakangoja mpaka kungoja kwenyewe kukawachosha. Kwa desturi ya Washi, kabila lao, mtu hawezi kuachwa hivi hivi bila kaburi, basi wakakata gogo la mgomba, wakalivisha shati lake, wakalizika katika shamba la migomba la baba yake huko Walungu, wakalia. Lakini gogo ni gogo, hata ulivishe suti. Toka siku ile miguu ya Léopold, baba mtu, ilianza kuvimba, na usingizi ukamhama.

"Mutoto iko nalala inje, mama Guy," alikuwa akimwambia mkewe. "Sisi tuko mu nyumba, ye iko inje."

Chantal aliyasikia maneno hayo asubuhi akikanda unga wa maandazi, akayasikia jioni akisugua karai. Afanye nini? Aliendelea kukanda na kusugua. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na yeye akawa mtu wa kuamka amechoka kuliko alivyolala.

Habari ililetwa na Fanny, mwanamke wa Idjwi anayeuza mananasi katika soko la Kadutu. Siku moja alikaa kwenye benchi la Chantal, akala andazi lake, akasimulia kama mtu anavyosimulia mambo ya njiani, kwamba huko Cishungwe, kisiwa cha mwisho upande wa kaskazini, ziwa liliwahi kuwaletea kijana mwenye kovu la moto toka bega la kushoto hadi kiwikoni, na watu wa kule walimzika. Mwiko ulimwanguka Chantal. Mafuta ya maandazi haya haya ndiyo yaliyomwunguza Guy akiwa mtoto wa kutambaa, siku mama yake alipogeuka kumhudumia mteja. Kovu hilo lilikuwa lake kama vile lilivyokuwa la mtoto.

Ikaamuliwa aende kuleta mifupa. Léopold kwa miguu ile hakuweza kusafiri. Lakini kabla Chantal hajaondoka, wifi yake Ghislaine alimfungia mikate, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa, akamvuta pembeni.

"Nakuambia kama dada yako. Kule usikule, usikunywe. Karuho yao haina harufu. Inakaa mu kucha! Atakuonjea mbele yako, utafikiri ni muntu muzuri, halafu akikupatia, kidole kinagusa kidogo tu. Unarudia hapa, unakohoa, unakonda, basi."

Karuho ni sumu ile ya polepole ambayo kila mtu Bukavu anamjua aliyeuawa nayo na hakuna anayemjua aliyeiona. Tuseme ukweli, huo ni ugonjwa wetu. Mtu wa Bukavu atakunywa dawa ya unga aliyouziwa barabarani na mtu asiyemjua, lakini mtilie chakula katika nyumba ngeni uone macho yake yatakavyozunguka. Chantal hakuwa mjinga kuliko wengine, wala hakuwa mwerevu kuliko wao. Alikipokea kifurushi, akashukuru.

Sasa Cishungwe ndiyo hiyo mbele yake. Nyumba chache za udongo pembezoni mwa maji, mihogo, mtama, na katikati kilima kizima cha msitu ambao shoka halijawahi kuingia. Miti mikubwa ya mivumu ilikuwa imeshikana juu hadi mchana ukawa kama jioni chini yake, na kima walikuwa wakigombana matawini kwa kelele za watu wa sokoni. Fanny, aliyekuwa amemsindikiza, alimweleza kwamba huko kisiwani Wahavu na Wambuti wameoana tangu enzi za mababu, hata ukimwuliza mtu yeye ni nani atakujibu ni wa Cishungwe, yamekwisha. Simu haishiki. Ibada ipo Jumapili, na msitu una amri zake siku zote saba.

"Na yule njo mwenyewe," Fanny alisema. "Mama Nyanja."

Alikuwa mwanamke mwembamba, wa rika la Chantal, kichwa kimenyolewa kipara. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nsimire. Nyanja, yaani ziwa, ni jina walilompa kijana yule, kwa kuwa hawakulijua lake. Fanny alieleza yote hayo wakipanda kutoka ufukweni. Huko Cishungwe, maiti iliyoletwa na ziwa haizikwi kama mzigo. Inapewa mama. Mwanamke aliyeiona kwanza ndiye mama yake: ataiosha, atanyoa nywele, atalia, na tangu hapo ataitwa kwa jina la mtoto huyo mpaka naye afe, mradi mtoto abaki kwenye udongo wao. Nsimire hakuwahi kuzaa. Kwa miaka yake yote, wanawake wakikutana, alikuwa akikaa nyuma karibu na mlango, mahali pa wasio na kitu cha kusema. Ziwa lilipomletea mtoto, wakamtandikia mkeka mbele.

Nsimire alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kigoda.

"Karibu, mama. Nilikuwa nakungojea. Kila mara nilijisemea: huyu iko na muntu wake, siku moja atakuja."

"Aksanti."

"Nilimukuta pale ku mawe, asubuhi, naenda kuteka maji. Nilimuosha miye mwenyewe, sikukubali muntu mwingine aguse. Lile kovu nililiosha polepole." Akasita, akaona haya kidogo. "Nilifikiri labda bado linamuuma."

Chantal alitaka kusema ahsante. Lakini kilichompanda kilikuwa wivu. Mwanamke huyu alimgusa mwanawe mara ya mwisho, akalishika kovu lake, na yeye, mama mtu, aliambulia gogo la kuvisha shati kule Walungu. Wivu ule ulimwaibisha, na aibu ikamchosha zaidi.

Nsimire alileta kibuyu cha musururu, pombe ya mtama, nzito, yenye makapi yanayoelea juu. Akapiga magoti. Akaonja kwanza yeye, kama inavyopasa, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akamkabidhi mgeni. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshika ukingo, na kucha yake ilikuwa ndefu, nyeusi kwa udongo wa shamba.

Chantal aliiona kucha ile tu. Nyumba, mwenyeji, maneno mazuri aliyoyasikia, vyote vilifutika, akabaki na sauti ya Ghislaine. Akainua kibuyu, akabana midomo, akakishusha.

"Nitakunywa inje, mama. Nataka nisali kwanza."

Nsimire aliitikia kwa kichwa. Chantal akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku, akamwaga musururu wote chini ya mgomba. Ardhi iliunywa upesi, makapi yakabaki juu. Alipogeuka, Nsimire alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba na beseni la maji ya kunawa mikono. Walitazamana.  Nsimire alilitua beseni, akakichukua kibuyu kitupu mkononi mwa mgeni, akarudi ndani.

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa ni aibu ya kawaida, na aibu ya ugenini husahaulika ukifika kwako. Lakini alasiri alikuja papa Marcellin. Huyu ni katekista wa kisiwa na pia mwangalizi wa makaburi, na kazi zote mbili siku hiyo zilikuwa zimemkera kwa sababu jino lilikuwa linamwuma. Alikuwa amefunga taya kwa kitambaa kilichofungwa fundo kichwani. Hakukaa. Alimsalimu Chantal, akampa pole, akasema kesho watakuwa kaburini mapema kabla ya jua kali.

"Pale nitauliza Mama Nyanja neno moja tu: mugeni alikunywa? Kama ulikunywa musururu, kilio chake, basi munalia pamoja, munakuwa ndugu, utabeba mutoto wako na sisi tutakusindikiza."

Chantal aliuliza upesi: "Na kama muntu hakunywa?"

"Kama aliacha, tunangoja mupaka roho yake itulie. Hata mwezi. Kama alimwaga chini..." Marcellin alishika shavu, akangoja maumivu yapite. "Kumwaga chini ni kusema: ninamupatia udongo wenu. Na udongo ukisha kupokea haurudishe. Hapo hata Monseigneur, askofu mwenyewe, akuje, hatuchimbe."

"Juu ya nini hamukuniambia mbele?"

"Mama, kilio hakifundishwe."

Akaaga, akaenda zake kusukutua maji ya chumvi.

Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtoto anajua methali hiyo, na Chantal alikaa kwenye kigoda akijiona ndiye aliyetungiwa. Alitoka Bukavu, akavuka ziwa analolichukia, akatapika nyongo, na kwa mkono wake mwenyewe akamtoa mwanawe zawadi kwa watu asiowajua. Kwa sababu ya kucha! Angeweza kucheka kama angekuwa na nguvu. Fanny alipoambiwa alijipiga paja.

"Eh, maman Guy! Ulimwaga chini? Sasa muombe. Mama Nyanja tu njo alikuona. Muombe anyamaze."

Chantal aliwaza jinsi ya kuomba. Aende kwa mwanamke ambaye amemtukana ndani ya nyumba yake, amwambie danganya wazee wako ili nikunyang'anye mtoto? Maneno hayo hayakuwa na mahali pa kuanzia. Alikula yai lake la kuchemsha peke yake. Jioni Nsimire alimpa kitanda, mwenyewe akatandika mkeka chini, na wanawake wale wawili wakalala chumba kimoja, kila mmoja akijua mwenzake yu macho.

Asubuhi waliingia msituni kwa mstari, Marcellin mbele, wanaume wenye majembe nyuma yake, kisha wanawake. Njia ilikuwa nyembamba, yenye mizizi ya kukwaza. Hakuna aliyezungumza, maana kwenye msitu ule watu hawazungumzi hadi waupite. Chantal alisikia pumzi yake mwenyewe na matone ya umande yakianguka kutoka jani hadi jani. Alijisemea kwamba akipewa nafasi angekaa chini hapo hapo, kati ya mizizi, asiende mbele wala asirudi nyuma.

Kaburi lilikuwa upande wa pili, mahali msitu unapoachia na ziwa linaonekana tena. Lilizungushiwa mawe meupe ya ufukweni, moja moja, yaliyopangwa na mtu mwenye subira. Hapakuwa na jani hata moja juu yake. Pembeni palikuwa na jiwe bapa, na mbele ya jiwe hilo ardhi ilikuwa imeshindiliwa kwa nyayo za mtu mmoja anayekuja kukaa hapo mara kwa mara. Chantal alipiga magoti. Huyo ndiye Guy, hatimaye, urefu wa mkono tu chini yake.  Nikuchukue nikuondoe hapa, alimwambia kimoyomoyo. Baba yako anakungoja.

Marcellin alikohoa. "Mama Nyanja. Mugeni alikunywa?"

Nsimire alikuwa amesimama mbele ya wanawake wenzake, mahali pake. Alilitazama kaburi, hakumtazama mtu.

"Alikunywa."

"Yote?"

"Alimaliza."

Fanny alishusha pumzi. Marcellin akatoa ishara, wanaume wakatemea viganja mate, wakashika mipini. Na papo hapo, bila ubaya wowote, kama mtu anayefagia tu mahali palipokwisha kutumika, mwanamke mmoja nyuma akasema:

"Nsimire, sogea nyuma, uachie bantu ba majembe nafasi."

Nsimire. Hakusema Mama Nyanja. Mwanamke yule mwembamba akainamisha kichwa kipara, akapita kati ya wenzake, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari. Hakuna aliyemsogezea. Alijua mwenyewe mahali pake pa zamani palipo.

Chantal aliona yote hayo akiwa amepiga magoti. Furaha aliyoisafiria haikuja. Alijaribu kuiita. Alimfikiria Léopold, akafikiria migomba ya Walungu, lakini kila akigeuza macho alimwona yule wa mwisho kwenye mstari, mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi. Jembe la kwanza likapiga, mawe meupe mawili yakaviringika.

"Mungojee," alisema.

Hawakusikia. Alipiga kelele. "Mungojee! Sikunywa!"

Majembe yakasimama. Marcellin alimgeukia taratibu na kitambaa chake kichwani. "Mama, unajua kile unasema?"

"Najua. Nilimwaga. Nyuma ya nyumba, chini ya mugomba. Niliogopa karuho."

Wanawake walinong'onezana, mmoja akafyonya kwa nguvu, na alikuwa na haki. Nsimire alitoka mwisho wa mstari kwa hatua za hasira, akamsimamia Chantal kichwani.

"Nilidanganya wazee juu yako! Mbele ya kaburi! Na sasa unaniua haya mbele ya bantu bote! Unamutaka mutoto, ao haumutake?"

"Namutaka."

"Basi ni nini?"

 Chantal alikuwa amechoka mno hata asiweze kupamba maneno.

"Nikimubeba, weye unabakia na nani?"

 Hasira ilimtoka Nsimire, akabaki mtu mzima aliyesimama na nguo za kilio. Ndipo Chantal alipoanza kulia. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, kilio ambacho gogo la mgomba halikuweza kumtoa, na hakuna aliyemnyamazisha. Marcellin aliwaambia wanaume wayarudishe mawe. Imekwisha, alisema, udongo umepewa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba anayesema ukweli huo hajafukuzwa, anaweza kuja kumlilia mtoto wake wakati wowote, hata na baba yake.

Watu walipoondoka, wanawake wawili walibaki. Nsimire alikaa chini, si kwenye jiwe lake, akamwachia Chantal jiwe.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Guy."

"Gi," Nsimire alijaribu. Akalirudia tena na tena kwa sauti ndogo, akijifunza. "Na lile kovu?"

Chantal alimweleza. Karai, mteja, mgongo uliogeuka. Hakuwa amewahi kumweleza mtu habari hiyo yote bila kujitetea. Nsimire alisikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba mafuta ni kitu kibaya, kisha akaanza kuyapanga upya yale mawe mawili.

Boti iliingia Bukavu siku mbili baadaye, mvua ikinyesha. Bandarini Léopold alikuwa amesimama kwenye tope na fimbo yake, suti nyeusi imemlegea mwilini, Ghislaine akimshikia mwavuli. Nyuma yao lilikuwepo gari la kukodi, na juu ya ubao pembeni yake sanduku jipya la mbao, la urefu wa mtu mzima. Léopold alikuwa ameliagiza kwa seremala wakati mkewe akiwa safarini, bila kumshauri mtu.

Chantal alishuka na kikapu chake kitupu. Léopold hakumwangalia yeye. Aliangalia nyuma yake, kwenye boti, akingoja wapakuzi. Walishusha magunia ya mihogo, wakashusha mananasi ya Fanny, wakashusha mbuzi wawili. Kisha wakaanza kuosha sakafu.

"Iko wapi?" Léopold aliuliza.

"Nilimuacha kwa mama yake."

Mzee alimgeukia mkewe, maji ya mvua yakimtiririka puani. "Mama yake ni weye."

"Tuko wawili, papa Guy. Ule mwingine njo alimuosha."

Ghislaine alitaka kusema kitu, Chantal akamkata kwa jicho. Akauchukua mkono wa mumewe, ule usio na fimbo, akaushika. Ulikuwa baridi, lakini haukumkimbia. Dereva wa gari la kukodi akapiga honi, akauliza kupitia dirishani kama sanduku linapanda au halipandi.